Uso Wako Usikuchomee Msituni: Venye Unachagua Rangi, Neti ama Boshori ya Kuwindia

Kama uko na binamu Minnesota, Texas ama Pennsylvania, pengine ushaona picha flani kwa status yake: amepakwa rangi ya kijani na kahawia uso mzima, ameketi juu ya mti na upinde mkononi, na caption inasema "weekend fiti." Kwa group ya family watu wanauliza kama amejiunga na jeshi. Hapana. Jamaa ameenda kuwinda, ju huko kuwinda ni halali, kuna leseni, kuna msimu, na jirani wake mzungu ndiye amemwalika.

Kama hiyo invitation itakuja kwako siku moja, ama ushaipata na hujui pa kuanzia, stori ni hii. Utanunua nguo, viatu, glavu, kila kitu. Alafu uingie msituni na uso wazi, unang'aa kama sufuria mpya. Mnyama atakucheki kabla wewe umcheki. Tuchambue hii kitu polepole.

Kwanza, uso uko na shida gani?

Shida ni tatu.

Ya kwanza ni kung'aa. Ngozi hutoa mafuta na jasho, na hayo yanarudisha mwanga. Paji la uso, pua, mashavu na kidevu ndio sehemu zimetokeza, kwa hivyo ndio zinapiga glea zaidi.

Ya pili ni umbo. Macho mawili, pua katikati, mdomo chini: wanyama wengi wanaoliwa huogopa hiyo sura. Macho yanayoangalia mbele ni macho ya simba, ya chui, na ya mtu.

Ya tatu ni kusonga. Mwili unaweza kutulia lakini kichwa hakitulii. Unageuka kucheki sauti, unakohoa, unapangusa mbu. Kitu kinachong'aa ambacho pia kinasonga ndicho kinakuuza.

Kwa hivyo kazi ya kamaflaji ya uso ni kuua glea na kuvunja hiyo sura. Haikufanyi usionekane. Inakupea muda kidogo tu kabla mnyama ajue huyo ni mtu.

Mnyama anaona nini haswa?

Hapa ndio wasee wengi hukosea, ju wananunua kulingana na venye wao wanaona kwa kioo. Kioo hakina mkia.

*Kulungu wa mkia mweupe.* Huyu ndiye mnyama mkubwa anayewindwa sana Marekani. Usimchanganye na kulungu wetu wa huku, ni jina tu tumeazima. Macho yake yako na aina mbili tu za seli za kutambua rangi, wakati yako yako na tatu. Nyekundu na chungwa hazimsumbui, anaziona kama rangi zimefifia tu. Lakini bluu anaiona vizuri sana, na hata sehemu ya miale ya urujuani ambayo wewe huioni. Ndio maana wawindaji wa huko hukwepa zile sabuni za kufanya nguo "ziwe nyeupe kuliko nyeupe." Dawa iliyo ndani yake huwaka kwa macho ya kulungu, hasa alfajiri na jioni. Ukiosha neti yako ya uso na hiyo sabuni, umejiwekea taa.

Kumbuka pia: kulungu huamini pua kuliko macho. Uso uliopakwa poa na upepo unaovuma kutoka kwako kwenda kwake ni kazi bure.

*Bata mzinga wa msituni.* Huyu ni balaa. Ndege kama yeye huona rangi nyingi kuliko sisi, anaona mbali, na macho yako pande zote za kichwa. Pua yake haina kazi kubwa hapa, ni macho tu. Kwa bata mzinga, kufunika uso na mikono si mapambo, ni lazima. Ukiacha hata shingo wazi umeona vumbi lake.

*Bata mwitu.* Hawa wanakuja kutoka juu wakikuangalia chini. Wewe nawe unafanya nini? Unainua uso kuwacheki. Hapo uso unakuwa sahani imeelekezwa jua. Kofia yenye ukingo, rangi isiyong'aa, na kuangalia kwa macho bila kuinua kichwa ndio siri.

Chaguo ziko nne. Chagua kulingana na kazi.

1. Rangi ya uso

Inakuja kama kijiti, kama kopo ndogo lenye vyumba vya rangi tatu ama nne na kioo, ama kwa tyubu. Kuna zenye mafuta na nta, na kuna za maji.

Poa yake: haikuzibi macho wala masikio, haifanyi miwani ishike mvuke, na haigusi uzi wa upinde. Wapiga upinde wengi wanaipenda ju wakivuta uzi mpaka shavuni hakuna kitambaa cha kunasa.

Noma yake: inachukua muda, inapaka kila kitu unachogusa, na zile za mafuta hazitoki kwa maji tu. Zile za maji zinatoka rahisi, lakini jasho likianza zinachuruzika mpaka kola. Alafu kuna zenye harufu. Kabla ulipe, nusa. Kama inanukia kama saluni, iache hapo kwa duka.

2. Neti ya uso

Kitambaa chepesi chenye matundu, unavaa kichwa chote ama kuanzia puani kwenda chini. Zingine ziko na waya mwembamba karibu na macho ili uzikunje zikae.

Poa yake: dakika moja umevaa, dakika moja umevua. Hewa inapita, mbu hawapiti. Hii ndio ya kuanza nayo kama ni mara yako ya kwanza, na haikuvunji mfuko.

Noma yake: ikiteleza wakati mbaya inakufunika jicho. Kwa hivyo ivae nyumbani, kaa nayo nusu saa, geuza kichwa huku na huku. Kama lazima uirekebishe kila dakika, haikufai. Kila mara mkono unapopanda usoni, unasonga, na kusonga ndio kunakuuza.

3. Boshori

Ile ya kufunika kichwa chote na kuacha macho. Hii ni ya baridi. Minnesota msimu wa bunduki wa kulungu huanza mapema Novemba, na huko Novemba si ya kuchezewa. Chagua nyembamba ya kuvaa chini ya kofia, ama nzito kama utakaa tu juu ya mti.

Poa yake: joto, na inafunika masikio na shingo zote mara moja.

Noma yake: inaziba masikio, na msituni masikio ndio yanakuambia kuna mguu umekanyaga jani. Pia pumzi inapanda kwa miwani. Tafuta yenye kitambaa chembamba hapo masikioni na mdomoni.

4. Skafu ya mviringo

Ile watu wa nduthi huvuta mpaka puani asubuhi ya baridi. Iko kati ya neti na boshori. Ukiiunganisha na kofia, uwazi unaobaki ni ukanda wa macho tu, na huo unaumalizia na rangi kidogo. Hii combo, skafu chini na rangi juu, ndio watu wengi wenye uzoefu huishia nayo.

Kuna pia zile zenye majani ya kitambaa yanayoning'inia. Zinavunja umbo vizuri ukiwa umekaa chini bila kusonga. Kwa upinde usijaribu, majani yatanaswa na uzi.

"Mimi ni mweusi, si niko sawa tayari?"

Hapana, msee wangu. Hili swali liko na jibu la zamani. Vitabu vya mafunzo ya jeshi la Marekani vimeeleza wazi kwamba hata ngozi nyeusi sana hurudisha mwanga ju ya mafuta yake ya asili. Na wewe asubuhi umejipaka Vaseline, si ndio?

Kwa hivyo, mambo ni haya:

- Siku ya kuwinda usipake mafuta ya kung'aa usoni. Kama ngozi inakauka, paka kidogo usiku uliotangulia.
- Chagua rangi kavu, isiyong'aa. Hilo ndilo muhimu kuliko kila kitu.
- Makopo mengi ya madukani yametengenezwa yakimwazia mtu mweupe: kahawia nzito na nyeusi za kumfifisha. Kwako kahawia inaweza kupotea kabisa isibadilishe chochote. Unahitaji rangi za kuinua: kijani nyepesi, kijivu, rangi ya mchanga.
- Cheki nyuma yako kuna nini. Kwa msitu wa misonobari wenye kivuli, uso mweusi usiong'aa unakaa vizuri. Lakini Novemba majani yakishaanguka na miti yote imebaki kijivu, uso mweusi unakuwa doa moja kubwa. Hapo majivu na kijivu ndio rafiki.

Venye unapaka: kanuni ni moja tu

Sehemu zilizotokeza, paka nyeusi. Sehemu zilizoingia ndani, paka nyepesi.

Yaani paji la uso, mfupa wa shavu, pua, masikio na kidevu vinapata rangi nzito. Karibu na macho, chini ya pua na chini ya kidevu vinapata rangi nyepesi. Sababu? Mwanga unatoka juu. Unang'arisha palipotokeza na kuweka kivuli palipoingia, na hapo ndipo sura inatokea. Ukigeuza hiyo hesabu, sura inalala bapa.

Ukidhani hii ni akili ya wanajeshi, kacheki swala tomi pale Nairobi National Park. Mgongo kahawia, tumbo jeupe. Jua linaangaza mgongo, kivuli kinaangukia tumbo, na rangi mbili zinasawazisha. Msanii mmoja wa Marekani, Abbott Thayer, aliandika kuhusu hii kanuni mwaka wa 1896, lakini swala alikuwa nayo kitambo.

Baada ya hapo, vunja usawa. Uso una upande wa kushoto na wa kulia unaofanana. Chora mistari miwili mitatu ya mshazari inayokatiza pua na mdomo, na isifanane pande zote mbili. Usichore mistari miwili mizuri chini ya macho kama mchezaji wa filamu. Hiyo ni luku, si kamaflaji.

Alafu usisahau masikio, nyuma ya shingo, na mikono. Mikono inasonga kuliko uso. Glavu nyembamba zinamaliza hiyo kesi.

Rangi ya msitu ndio inaamua rangi ya kopo. Msimu wa bata mzinga wa Aprili na Mei kuna kijani kibichi kila mahali. Oktoba ni manjano na kahawia. Novemba ni kijivu. Kukiwa na theluji, nyeupe na kahawia. Hata kampuni kubwa za kamaflaji zilianza na hiyo akili. Realtree na Mossy Oak, zote za mwaka wa 1986, zilijenga jina kwa kunakili magome, majani na matawi ya misitu ya huko kwao badala ya madoa ya jeshi.

Huna doh ya kopo? Makaa yaliyopoa, yakasagwa na kupakwa kidogo, yanaua glea vizuri. Yasiwe ya moto, na yasikaribie jicho. Usitumie masizi ya jiko la mafuta wala rangi yoyote ambayo haikutengenezewa ngozi.

Hapa ndio maisha yenyewe iko

Kujificha poa sana msituni kuna shida moja: si wewe peke yako uko na bunduki.

*Chungwa kali haina mjadala.* Majimbo mengi ya Marekani yanadai uvae chungwa linalowaka wakati wa msimu wa bunduki wa kulungu. Pennsylvania inataka inchi 250 za mraba, kichwani, kifuani na mgongoni kwa jumla. Wisconsin iliruhusu pinki kali pia mwaka wa 2016. Kumbuka kulungu haioni kama moto, lakini binadamu anaiona kama riflekta ya Thika Road usiku. Paka uso unavyotaka, lakini kofia ibaki chungwa. Kila jimbo liko na sheria zake, na zinabadilika, kwa hivyo soma kitabu cha mwaka huo.

*Nyekundu, nyeupe na bluu: usivae kwa bata mzinga.* Kichwa cha dume la bata mzinga kiko na hizo rangi tatu. Mtu mwingine akiona kipande cha nyekundu ama nyeupe kikisonga kichakani, anaweza kufyatua. Hii inahusu skafu, soksi, fulana ya ndani, hata tishu unayotoa kupangusa jasho. Keti ukiegemea mti mpana kuliko mabega yako ili mgongo uwe salama. Ukiona mwindaji mwingine anakuja, usipunge mkono wala usiige mlio wa ndege. Ongea kwa sauti kubwa ya mtu.

*Macho yaone.* Kabla ya kunyanyua silaha, neti iwe imetulia na uwe unaona pande zote. Kama unaona nusu ya picha, usifyatue.

*Maski ibaki msituni.* Hii ni ya wasee weusi zaidi. Ukitoka, toa boshori, pangusa uso, funga bunduki inavyotakiwa na sheria ya jimbo, ndio uingie petrol station kununua chai. Georgia, kwa mfano, iko na sheria tangu 1951 ya kuzuia watu kufunika nyuso hadharani, iliyolenga Ku Klux Klan. Lakini achana na sheria kidogo. Mtu mweusi, uso umefunikwa, na silaha kwa gari: usimpe mtu yeyote nafasi ya kukisia. Ukiwa kwa shamba la mtu, hakikisha mwenyewe anakujua kwa sura kabla uifiche.

*Karatasi kwanza.* Majimbo mengi yanataka usome kozi ya usalama wa uwindaji kabla ya leseni. Texas inaidai kwa waliozaliwa kuanzia Septemba 2, 1971, yaani karibu kila mtu anayesoma hii. Na kama uko huko kwa visa ya muda, ya masomo kwa mfano, sheria ya serikali kuu inawakataza watu wa aina yako kushika bunduki isipokuwa kwa sababu chache. Mojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda. Usiguse bunduki ya jirani hata kwa picha kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji. Likes mia mbili hazirudishi visa.

Kutoa rangi bila kung'oa ngozi

Siku moja kabla, paka kidogo nyuma ya sikio uone kama ngozi italeta upele. Usipake kwa ndevu zilizonyolewa asubuhi hiyo, vipele vitakuandama wiki nzima. Ukiweza, tanguliza losheni nyepesi isiyo na harufu, iache ikauke kabisa, ndio upake rangi. Itatoka rahisi.

Ya mafuta unaitoa na mafuta: mafuta ya mtoto, ya nazi, ama Vaseline. Paka, ngoja kidogo, pangusa na kitambaa usichokipenda, alafu osha na sabuni. Ukianza na maji na kusugua kwa nguvu unaisukuma tu ndani ya vitundu vya ngozi. Usilale nayo. Na kijiti chako ni chako, usikopeshe mbogi nzima. Kinapita karibu na macho, na maambukizi ya macho hayana urafiki.

Na huku Kenya?

Huku hakuna mjadala mrefu: uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza hata ule wa kutafuta kitoweo. Usidanganywe ati sungura mmoja si kesi.

Lakini kama wewe ni wa kamera, ama ni wale wa kufuata ndege Karura, Kakamega na Arabuko-Sokoke, mengi ya hapa juu yanakusaidia. Ndege wanaona rangi vizuri kama bata mzinga. Skafu ya kijani iliyokolea ama kahawia tupu, kofia, na kutulia vinatosha kabisa.

Kitu cha kuhepa ni madoa. Sheria za Kenya zinakataza raia kuvaa sare za jeshi ama nguo zinazofanana nazo bila ruhusa, na polisi hawataki kujua kama ulinunua Gikomba ama uliletewa na shangazi kutoka Dallas. Rangi ya uso si sare, sawa. Lakini askari wa wanyamapori anayetafuta majangili akikutana na mtu amejipaka uso kichakani, hataanza na salamu. Vaa rangi moja, ingia kwa geti, lipa, tembea na gaidi anayejulikana pale.

Kwa ufupi, kabla ufungue pochi

- Mara ya kwanza kabisa: neti ama skafu.
- Upinde: rangi ya uso, ama neti inayobana vizuri.
- Baridi kali: boshori nyembamba masikioni.
- Bata mzinga: funika kila kitu, na hakuna nyekundu, nyeupe wala bluu.
- Bata mwitu: kofia yenye ukingo, na kichwa kisiinuke.
- Kulungu kwa bunduki: kofia ya chungwa kwanza, mengine baadaye.
- Miwani: rangi ya uso ndio salama yako.

Jaribu kila kitu nyumbani, na upige picha ukiwa umesimama mbele ya kichaka, hatua ishirini. Badilisha hiyo picha iwe nyeusi na nyeupe kwa simu. Kama uso bado ndio kitu cha kwanza unachoona, rudi kwa kioo. Na usijam simu ikikataa kufunguka kwa sura yako. Hiyo ni ishara umeanza kuiva. Tumia tu namba ya siri, na uiweke saiti.